Kihori Nyuma ya Chombo

Ndugu msikilizaji, mtu yeyote aliyepata kukaa ufukweni wakati wa jioni, iwe Forodhani Unguja, iwe Mombasa Mji wa Kale au Bagamoyo, ameliona jambo hili hata kama hakulitilia maanani. Jahazi limetia nanga mbali kidogo, tanga limekunjwa, mabaharia wamejinyoosha juu ya mizigo. Nyuma yake, kwa kamba moja tu, kimefungwa kihori kinachochezacheza juu ya maji. Macho yetu sote huenda kwenye jahazi. Tunasifu mlingoti wake, tunauliza limetoka wapi na limepakia nini. Hakuna anayeuliza habari za kihori. Juma hili nataka tuulize habari za kihori.

Nikisema kihori, nina maana ya chombo chochote kidogo kinachofuatana na chombo cha tanga, kiwe cha gogo la mwembe, cha mbao, cha faiba, au cha mpira wa kujaza upepo. Kazi zake ni za kawaida kabisa. Humpeleka nahodha pwani, huleta maji ya kunywa, kuni na mchele, hushusha abiria mahali ambapo maji yamekupwa na chombo hakiwezi kusogea. Chombo kikipanda fungu la mchanga, kihori ndicho kinachopeleka nanga mbali ili mabaharia wavute kamba wajinasue. Hizo ni kazi za kila siku. Lakini ipo kazi nyingine, ambayo baharia anaweza kuishi mpaka uzeeni asiione, nayo ni ile ya siku chombo kikubwa kinapokwenda chini.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuchagua. Chombo kile kile kidogo kinatakiwa kuwa chepesi cha kubebwa na kizito cha kuhimili mawimbi, kidogo cha kukaa sitahani na kikubwa cha kuchukua watu wote. Haiwezekani kuyapata yote. Kwa hiyo mwenye chombo huchagua, na mara nyingi huchagua kwa kutazama siku ya shwari. Historia ya bahari imejaa watu waliokuja kujua walichokichagua wakati maji yamekwisha kuwafika kifuani.

Tuanze na mtu mmoja aliyekuwa mkweli juu ya uchaguzi wake. Mwaka 1895 Joshua Slocum, mzaliwa wa Nova Scotia huko Kanada aliyekuwa raia wa Marekani, alikuwa na umri wa miaka 51 na hana kazi. Alikuwa nahodha wa merikebu za matanga, na meli za mvuke zilikuwa zimewaondolea riziki manahodha wa aina yake. Rafiki yake alimpa chombo kikuukuu kilichokuwa kimelala kiwanjani kule Fairhaven, Massachusetts. Slocum alikijenga upya kwa mikono yake kwa muda wa miezi 13, kwa gharama ya dola 553 na senti 62. Chombo hicho, Spray, kilikuwa na urefu wa futi 36 na inchi 9. Tarehe 24 Aprili 1895 akang'oa nanga Boston, peke yake, akakusudia kuizunguka dunia.

Alipofika bandari ya wavuvi ya Gloucester alikumbuka kwamba hana kihori. Wavuvi wa huko walikuwa wakitumia mashua iitwayo dori, yenye sakafu bapa na mbavu zilizotanuka, chombo hodari sana. Lakini dori nzima ilikuwa nzito kwa mtu mmoja kuiinua, na sitaha ya Spray haikuwa na nafasi yake. Slocum alifanya jambo ambalo pengine lingechekesha fundi yeyote wa mashua. Alichukua dori kuukuu, akaikata kwa msumeno katikati, akaziba kwa mbao pale alipokata. Akabaki na nusu ya mashua. Hesabu yake ilikuwa kwamba nusu ni bora kuliko kukosa kabisa, na mtu mmoja hahitaji zaidi. Aliweza kuiinua kwa kamba ile ile ya kupandishia tanga, na siku ambazo haikuwa na safari aliitumia kama beseni la kufulia nguo na kuogea.

Basi hicho ndicho kihori kilichochaguliwa kwa siku ya shwari, na kwa siku ya shwari kilifaa vizuri mno. Lakini mwezi Desemba mwaka huo huo, kwenye pwani ya Uruguay, Spray ilipanda mchanga. Slocum akapakia nanga na kamba ndani ya nusu-dori yake ili akaitupe mbali kwenye maji ya kina. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko kihori. Kikajaa maji. Akaiinua nanga, akaitupa wakati kihori kinapinduka, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hajui kuogelea. Naam, nahodha aliyeishi baharini tangu ujana wake hakujua kuogelea. Alijaribu mara tatu kukigeuza kihori kikamrudia kifudifudi. Mara ya nne kikageuka, akapanda, akapiga kasia mpaka pwani.

Slocum aliendelea na safari. Alivuka Pasifiki, akavuka Bahari hii yetu ya Hindi kwa kupitia visiwa vya Cocos, Rodrigues na Morisi mpaka Durban, na tarehe 27 Juni 1898 akatia nanga Newport, Marekani, baada ya maili zipatazo 46,000. Ndiye mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga. Heshima hiyo nusura imponyoke karibu na ufukwe, kwa sababu ya nanga moja ndani ya nusu ya mashua.

Wakati Slocum anakata dori kwa msumeno, dawa ya tatizo lake ilikuwa imekwisha kubuniwa, ila haikuwa na wanunuzi. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Scotland alikuwa amepata hataza ya kitambaa kilichotiwa mpira, kisichopitisha maji. Katika miaka ya 1840 ofisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Luteni Peter Halkett, alishona joho la mvua kwa kitambaa hicho. Ukilijaza upepo kwa mivuo, joho linageuka mashua. Fimbo ya kutembelea ilikuwa mpini wa kasia, na mwavuli ulikuwa tanga. Wakubwa wa jeshi la majini walimsifu kwa ubunifu wake, wakasema hawaoni kazi yake jeshini. Waliokiona kuwa na faida ni wapelelezi wa nchi za barafu. Daktari John Rae alikichukua kihori cha Halkett katika safari zake za kaskazini ya Kanada akakitegemea kuvukia mito na maji ya baridi. Kimoja kimehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Stromness, visiwa vya Orkney.

Kwa miaka mia moja baadaye mabaharia waliendelea kuutazama mpira kwa wasiwasi. Walisema mpira ni kitu cha kuchezea watoto. Mwaka 1952 daktari kijana wa Kifaransa, Alain Bombard, alitaka kuwaonyesha kwamba mtu aliyevunjikiwa na chombo anaweza kuishi. Alichukua boti ya mpira ya futi 15, akaifunga tanga dogo, na tarehe 19 Oktoba akaondoka Visiwa vya Kanari peke yake. Alifika Barbados tarehe 23 Desemba, siku 65 baadaye, amepungua kilo 25. Madai yake kwamba mtu anaweza kunywa maji ya bahari kidogo kidogo yalipingwa vikali na wataalamu waliomfuata, na msikilizaji wangu asije akayajaribu. Lakini jambo moja halikupingika. Boti ya mpira ilivuka Atlantiki nzima bila kupasuka.

Kuanzia hapo wenye vyombo vidogo vya tanga wakagawanyika makundi mawili, na mgawanyiko huo haujaisha. Wa kwanza husema kihori kiwe kigumu. Kina mkuku unaokamata maji, kwa hiyo kinapigika makasia vizuri hata upepo ukiwa wa mbisho. Unaweza kukitweka tanga. Ukikipandisha juu ya mawe yenye chaza au matumbawe kitachubuka, hakitapasuka. Wa pili husema kihori kiwe cha mpira. Hakipinduki upesi, kinachukua mzigo mkubwa kwa ukubwa wake, hakigongi ubavu wa chombo usiku kucha, na ukimaliza unakitoa upepo unakikunja. Kila upande una kasoro pia. Kigumu kinakula nafasi ya sitaha, na ukikiburura nyuma kwenye bahari kali kinajaa maji na kukata kamba. Cha mpira kinasukumwa na upepo kama jani, kukipiga makasia ni adhabu, na chaza mmoja anatosha kukimaliza.

Ubishi huo ulikuja kupimwa kwa namna ya kutisha mara mbili, miaka miwili mfululizo, karibu na mahali pamoja.

Dougal Robertson alikuwa baharia wa zamani wa meli za biashara aliyegeuka mkulima na mfugaji huko Staffordshire, Uingereza. Waliuza shamba, yeye na mkewe Lyn, wakanunua chombo cha tanga cha futi 43 kiitwacho Lucette, na mwezi Januari 1971 wakaondoka Falmouth na watoto wao. Tarehe 15 Juni 1972, magharibi ya visiwa vya Galapagos, nyangumi wale wenye meno ambao mabaharia huwaita wauaji waliigonga Lucette kwa chini. Mbao zikafumuka. Ilizama kwa muda wa dakika moja au zaidi kidogo. Watu sita wakajikuta majini, baba, mama, watoto wao watatu wa kiume na kijana mgeni aliyekuwa akisafiri nao. Walikuwa na chelezo cha mpira, na kihori chao cha faiba, Ednamair, chenye urefu wa karibu mita 3.

Mwanzoni walikaa kwenye chelezo, kwa kuwa ndicho kilichotengenezwa kwa ajili ya siku hiyo. Kihori walikifungia tanga, kikawa kinakivuta chelezo, punda na gari lake. Lakini chelezo kilivuja. Walipuliza upepo, walikumba maji, walipuliza tena, usiku na mchana, mpaka miili yao ikatoka vidonda vya maji ya chumvi. Baada ya siku 17 walikiacha. Watu sita wakahamia ndani ya kihori kilichonunuliwa kwa safari za bandarini. Kingo zake zilibaki juu ya maji kwa kiasi cha shubiri tu. Mtu mmoja hakuweza kubadili mkao bila wengine kumpisha. Wimbi moja lililokaa vibaya lingetosha. Waliishi kwa maji ya mvua, samaki warukao walioangukia ndani, na kasa, ambao walikula nyama yao na kunywa damu yao. Tarehe 23 Julai, siku ya 38, meli ya uvuvi ya Kijapani Toka Maru II iliwaona na kuwachukua, wote sita wazima.

Waliopenda vihori vigumu wakasema, mmeona? Kama isingekuwa Ednamair, familia ile ingekwisha. Na ni kweli. Kihori hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya bahari la Falmouth, mji ule ule walikoanzia safari. Anayekisimamia pembeni hushangaa watu sita walikaa wapi.

Lakini haukupita hata mwaka. Tarehe 4 Machi 1973, Waingereza wengine wawili, Maurice Bailey na mkewe Maralyn, walikuwa wametoka Panama kuelekea Galapagos katika chombo chao Auralyn, chenye urefu wa futi 31. Nyangumi alikitoboa. Walipata muda kidogo, kama saa moja, wa kukusanya vyakula vya kopo, maji na vifaa vichache. Wao hawakuwa na kihori kigumu. Walikuwa na chelezo cha mpira na boti ya mpira. Waliishi ndani ya chelezo, boti wakaifunga pembeni kuwa ghala na mahali pa kuvulia. Walijaribu kuipiga makasia kuelekea visiwani, ikawashinda, mkondo uliwarudisha nyuma. Bi Maralyn hakujua kuogelea, kama Slocum. Yeye ndiye aliyepinda pini za nguo kuwa ndoana. Meli zilipita, zikapita, bila kuwaona. Mpira ulivuja, wakajaza upepo, ukavuja tena. Tarehe 30 Juni meli ya uvuvi ya Korea ya Kusini, Weolmi 306, iliwaokota. Walikuwa wamekaa majini siku 117.

Sasa, msikilizaji, tuamue nini? Familia moja imeokolewa na faiba baada ya mpira kuwashinda. Mtu na mkewe wameokolewa na mpira mtupu, kwa siku mara tatu ya zile za wenzao. Aliyetaka jibu la fundi, kwamba nunua hiki na usinunue kile, amebaki mikono mitupu. Nami nadhani hilo ndilo jibu lenyewe. Si mpira wala faiba peke yake iliyowaokoa. Walichokuwa nacho wote ni vyombo viwili badala ya kimoja, kwa hiyo kimoja kilipolegea kingine kilibeba. Vilikuwa karibu, juu ya sitaha, si vimefungiwa ndani chini ya magunia. Na waliokuwa ndani walikijua chombo chao, wakajua nani akae wapi, na kipi kitupwe ili kingo zisiguse maji. Slocum, bingwa kuliko wote hao, karibu afe siku alipoisahau hesabu hiyo moja, kwamba kihori kina kiasi chake cha mzigo, na kiasi hicho hakiongezwi kwa ushujaa.

Nimeyafikiri haya kwa sababu ya safari moja ya ujana wangu. Nilisafiri kwa jahazi, nasi tukafika tuendako maji yamekupwa. Jahazi likatia nanga mbali. Kihori kilikuwa cha watu wanne, na abiria tuliingia tisa, kila mmoja na furushi lake, kila mmoja na haraka yake. Maji yalikuwa yanalamba ukingo. Mzee mmoja alibaki juu ya jahazi, ameshika bakora yake.

"Mzee, shuka basi twende," kijana wa makasia akamwita.

"Nendeni, mwanangu," akajibu. "Mimi nitangoja zamu ya pili. Haraka ni yenu, kihori hakina haraka."

Tulimcheka. Tulifika salama, nguo zimelowa mpaka kiunoni, na tuliendelea kumcheka mpaka gulioni. Nilikuja kuacha kucheka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, karibu kabisa na Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Na tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, mamia mengine. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimepakia kupita kiasi. Hizo zilikuwa meli za injini, si majahazi, lakini hesabu ya ukingo wa maji haibagui chombo. Na abiria wetu wengi, mimi nikiwamo, tumezoea kupanda chombo tukiuliza nauli ni kiasi gani na kitafika saa ngapi. Ni wachache wanaouliza vyelezo viko wapi, makoti ya kuokolea yanatosha watu wangapi, na nani anajua kuyafungua.

Mwenye chombo anaponunua vifaa, kihori huja mwisho, kwa fedha iliyobaki baada ya tanga, kamba na rangi. Ni desturi, na inaeleweka, kwa kuwa rangi inaonekana kila siku. Lakini wazee walituambia mdharau mwiba mguu huota tende. Kitu kidogo kilichofungwa nyuma kwa kamba moja, siku moja ndicho kitakachokuwa chombo chenu, na wote mliocheka juu ya sitaha mtatakiwa muenee humo.

Kwa hiyo siku nyingine ukikaa ufukweni jioni ukaona jahazi limetia nanga, lisifu, maana linastahili sifa. Kisha tazama nyuma yake. Hesabu watu walio juu, halafu kitazame kihori. Ukiona hesabu haikubaliani, usione haya kungoja zamu ya pili.

Panapo majaliwa, tukutane tena juma lijalo.